Wasomaji Wauliza: Je, Maji ya Mvua Yaweza Kutupimia Hewa ya Mombasa?

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa kemia na mlezi wa chama cha mazingira katika shule ya upili iliyoko Changamwe, karibu na barabara ya malori yanayoingia na kutoka bandarini. Mvua za vuli zilipokaribia, wanafunzi waliweka beseni uwanjani siku ya Ijumaa. Mvua ilinyesha Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi wakayapima maji kwa karatasi za kupimia asidi. Karatasi zilionyesha pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka chini ya 7 asidi huzidi) kati ya 6 na 7, nao wakahitimisha kwamba hewa ya Changamwe ni safi. Baadaye tuliazima kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kikatoa kiwango kikubwa, na wanafunzi wale wale wakageuka kusema kwamba hewa ni chafu kupita kiasi. Je, walisema kweli mara ya kwanza au mara ya pili? Na kazi hii ina maana, au tunapoteza wakati wa watoto?
Mwalimu, Changamwe

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Kazi ina maana, na ningefurahi kama kila shule ya kisiwani na ya bara zetu tatu ingeifanya. Hata hivyo, mahitimisho yote mawili hayawezi kusimama, na kila moja limeangushwa na jambo ambalo mtu wa Mombasa hana budi kulijua kabla ya kuinua chupa.

Tuanze na pH. Wengi hudhani kwamba mvua isiyochafuliwa ina pH ya 7, lakini dioksidi ya kaboni iliyomo hewani huyeyuka ndani ya tone na kufanya asidi hafifu, kwa hiyo mvua iliyokutana na hewa safi peke yake huwa na pH ya karibu 5.6. Maji ya wanafunzi wako yakiwa na 6 na ushei, maana yake kuna kitu kilichoyapandisha, na kwa Changamwe kitu hicho hakihitaji kutafutwa mbali. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo unachimbwa, unasagwa na kuchomwa kuwa saruji, huku barabara zisizo na lami zikitimuliwa vumbi na magurudumu mchana kutwa. Vumbi hilo lina chokaa, na chokaa ikiingia katika tone huimaliza nguvu asidi iliyomo. Amonia inayotoka kwenye maji taka, mazizi na majalala hufanya vivyo hivyo. Tone laweza basi kubeba salfeti nyingi iliyotokana na moshi, na nitreti nyingi iliyotokana na injini, na karatasi isionyeshe asidi yoyote. pH ni kama salio la akaunti: ukiambiwa zimebaki shilingi mia, huwezi kujua kama mwenye akaunti aliweka mia tu, au aliweka laki akatoa zote isipokuwa hiyo mia. Anayetaka kujua kilichopita hewani lazima asome maingizo yenyewe, yaani salfeti, nitreti, amonia, kalsiamu na wenzao, kila kimoja kwa kipimo chake.

Karatasi zenyewe pia hazifai sana kwa mvua. Maji ya mvua yana chumvi chache mno, kiasi kwamba rangi iliyopakwa kwenye karatasi yatosha kuyageuza kabla hayajaigeuza yenyewe. Tafuta kifaa cha kioo cha kupimia pH, kirekebishwe kwa myeyuko wenye pH ya 4 na wenye pH ya 7, na mwanafunzi asubiri dakika kadhaa mpaka namba itulie, kwa kuwa katika maji mepesi kama haya hutulia polepole.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa ndipo mji wetu unapotofautiana na miji ya bara. Maji hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi zilizoyeyuka ndani yake, nasi tumezungukwa na chumvi. Wimbi linapopasuka kwenye mwamba hutupa hewani vitone vidogo sana. Maji yake hukauka, chumvi hubaki ikielea, upepo huibeba hadi nchi kavu, na mvua huirudisha chini. Mtu wa Nyali ambaye madirisha yake ya chuma yamekuwa yakiliwa na kutu miaka yote anaifahamu chumvi hiyo bila kufundishwa. Kwa hiyo kifaa chako kikipanda, huenda kimepima bahari tu, wala hakijagusa moshi wa hata lori moja.

Dawa yake ni hesabu ndogo ambayo wanafunzi wa kidato cha pili wanaiweza. Chumvi ya bahari ina uwiano usiobadilika sana popote duniani: kwa kila gramu 1 ya sodiamu huwa na gramu 1.8 hivi za kloraidi na robo gramu, yaani 0.25, ya salfeti. Sodiamu ya mvua ya pwani karibu yote hutoka baharini. Tuseme basi, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba maabara imekuta miligramu 4 za sodiamu na miligramu 2.2 za salfeti katika lita moja. Zidisha 4 kwa 0.25, upate 1: hiyo ndiyo salfeti iliyokuja na bahari. Toa 1 katika 2.2, ibaki 1.2. Hiyo 1.2 ndiyo inayostahili kuulizwa ilikotoka. Potasiamu nayo hutolewa kwa njia hiyo hiyo, kwa uwiano wa 0.037, na ikizidi sana hapo huwa ni dalili ya kuni, makaa au takataka za shambani zilizochomwa. Nitreti haihitaji kutolewa chochote, kwa kuwa bahari haitoi nitreti ya kuhesabika hewani. Hutoka kwenye injini, kwenye moto wa aina zote, na nyingine hufanywa na radi. Kama ningeruhusiwa kupima kitu kimoja tu kando ya barabara yenu ya malori, ningechagua hiyo nitreti.

Limebaki lile beseni. Lilikaa wazi tangu Ijumaa hadi Jumapili usiku, kwa hiyo mlichopima ni mvua pamoja na vumbi la siku mbili, na pengine kinyesi cha kunguru, ambao hapa kwetu hawakosekani. Chombo kifunuliwe mvua inapoanza na kufunikwa inapokatika. Kwenye vituo vikubwa vya kupimia mvua kuna mashine yenye mfuniko unaojifungua tone la kwanza linapogusa kihisi chake. Shuleni mfuniko huo ni mwanafunzi aliye tayari, na kama mvua ni ya usiku basi ni mlinzi aliyeombwa kwa heshima na kuelezwa sababu.

Tumia faneli pana ya plastiki juu ya chupa ya plastiki, iliyoinuliwa mita moja na nusu kutoka ardhini ili matope yasiirukie, na iliyo mbali na miti, kuta na milizamu. Vioshwe kwa maji yaliyokenekwa, ambayo ni yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa kuongezwa katika betri za magari (maji, wala si asidi yake), na sabuni isitumike kabisa. Kidole kisiguse ndani ya faneli, kwa sababu jasho la kidole kimoja lina chumvi ya kutosha kuharibu kazi ya usiku mzima. pH ipimwe siku hiyo hiyo. Yanayokwenda maabara yawekwe kwenye friji, karibu nyuzi 4, maana yakikaa kwenye joto letu vijidudu huila amonia na majibu yatakuwa ya uongo. Tena, siku moja isiyo na mvua, mmimine maji yaliyokenekwa katika faneli ile ile na myapeleke maabara pamoja na mengine. Yakirudi na chumvi, mtajua kwamba chombo chenyewe ni kichafu.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nikilisoma tu, hadi nilipoliona kwa macho yangu. Mvua ya kwanza ya vuli iliyopita, baada ya wiki nyingi za ukavu, niliweka chupa juu ya sakafu ya paa la nyumba yetu Tudor. Maji yalipofika kina cha vidole viwili nikaiondoa na kuweka nyingine pale pale. Asubuhi niliyachuja yote mawili kwa karatasi nyeupe. Ya kwanza ilibaki na duara la rangi ya chai ya rangi, na ndani yake vijidoa vyeusi ambavyo nilipovigusa kwa ncha ya sindano vilipakaa kama masizi ya sufuria. Ya pili ilikuwa karibu nyeupe kama ilivyotoka kwenye pakiti. Mvua ilikuwa moja, na kati ya chupa na chupa hazikupita dakika ishirini. Matone ya mwanzo ndiyo yaliyofagia hewa, na yaliyofuata yakapita mahali palipokwisha kufagiwa.

Ndiyo maana kipimo kisichoambatana na kiasi cha mvua hakina thamani. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya mita moja ya mraba, hivyo hesabu ni nyepesi. Ikiwa mvua ya milimita 2 ina miligramu 6 za salfeti kwa lita, imeshusha miligramu 12 katika kila mita ya mraba. Ikiwa mvua ya milimita 20 ina miligramu 1 tu kwa lita, imeshusha 20. Ile iliyoonekana safi ndiyo iliyoshusha zaidi. Na wastani wa mvua hizo mbili si 3.5, kama wanafunzi watakavyotaka kuandika. Ni miligramu 32 zilizogawanywa kwa lita 22, yaani kama 1.45. Wekeni kipimamvua kando ya chupa, na kiandikwe kila mara pamoja na upepo uliokuwa ukivuma.

Mwisho kwako, Mwalimu: msipime mahali pamoja. Mkemia Robert Angus Smith, aliyefanya kazi Manchester na aliyeleta jina la "mvua ya asidi" katika kitabu chake cha mwaka 1872, alikwisha kuona mwaka 1852 kwamba mvua ya katikati ya mji ule wa viwanda ilikuwa na asidi ya salfa iliyo huru, ya kando ya mji ilikuwa na salfeti ya amonia, na ya mashambani ilikuwa na kabonati ya amonia. Namba moja ya Manchester isingemwambia lolote. Aliyaona hayo kwa kuiweka kando ya namba za mahali pengine. Tafuteni shule rafiki ufukweni Nyali au Likoni, na nyingine upande wa Kwale mbali na barabara kuu, mchote mvua ile ile kwa chombo cha namna ile ile. Mkipata tofauti iliyojirudia masika na vuli, mtakuwa na neno la kusema juu ya Changamwe ambalo hakuna atakayelipuuza kwa urahisi.

Lakini wanafunzi wafundishwe pia mahali mvua inaponyamaza. Monoksidi ya kaboni haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana, kwa hiyo mvua haitaisema. Zaidi ya hayo, tone linaloanguka hukamata vizuri vumbi kubwa, na hukamata pia chembe ndogo kabisa zinazoyumbayumba hadi zikaligusa. Zile za katikati, kati ya sehemu moja ya kumi ya maikromita na maikromita moja (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hulikwepa, zikizungushwa na hewa inayolipisha tone njia. Hizo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeshauri kwamba chembechembe zisizozidi maikromita 2.5 zisipite maikrogramu 5 katika mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa siku. Namba hizo hazipatikani ndani ya chupa ya mvua. Zinahitaji kifaa cha kuvuta hewa yenyewe, tena siku zote, zikiwemo zile za kaskazi za Januari na Februari ambapo mvua haionekani. Mvua itawaambia ni vitu gani vilivyomo hewani na kama vinaongezeka au kupungua. Kiasi anachovuta mtoto wa darasani ni kipimo cha peke yake.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina jabia la tangu enzi za babu, na binti yangu aliyeolewa Mikindani anateka maji ya mabati kwenye tangi la plastiki. Nasikia mvua inapimwa ijulikane hewa ni chafu. Je, tuyapime ya jabia? Na tuendelee kuyanywa?
Mama wa wajukuu sita, Mji wa Kale

JIBU: Marahaba, mama. Maji ya jabia yapimwe, lakini kwa ajili ya afya yenu tu, kwa sababu juu ya hewa hayatasema kweli. Jabia limesiribwa kwa chokaa, na maji yakikaa humo wiki mbili asidi yake huisha. Yamepita pia juu ya sakafu walikotembea paka na ndege. Ukiyapima utajua hali ya jabia, na hilo ni jambo kubwa kwa mnywaji.

Kwa kunywa, mvua za mwanzo baada ya ukavu msiziingize. Sakafu au bati la mita 40 za mraba hutoa lita 40 kwa kila milimita, kwa hiyo kuacha lita 80 za kwanza zimwagike ni kuacha milimita 2, na hizo ndizo zilizooshea paa na hewa. Maji hayo yafaa kufulia matambara au kumwagilia maua. Kuchemsha huua vijidudu, nanyi msiache kuchemsha, lakini hakuondoi madini. Maji yanayopungua sufuriani huyaacha madini nyuma yakiwa mengi zaidi katika kile kilichobaki.

Kwa binti yako ninasema kwa mkazo zaidi, kwa kuwa anakaa upande wa Mikindani. Wakazi wa Owino Uhuru, walio jirani naye, walidhurika kwa madini ya risasi yaliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020, baada ya mapambano yaliyoongozwa na Bi. Phyllis Omido. Vumbi la risasi likitua juu ya bati hungoja mvua, na mvua hulipeleka tangini. Maji yenye risasi hayana rangi, hayana harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita, na kinajulikana kwa maabara tu. Kama kuna karakana ya betri au kiwanda cha kuyeyushia chuma karibu na nyumba yake, asiwanyweshe watoto maji ya bati mpaka yapimwe risasi, na tope la chini ya tangi lipimwe pamoja nayo, maana risasi nyingi hukaa humo.

SWALI: Mimi ni kijana wa Likoni. Kila siku nikivuka feri naona moshi wa meli. Nikichota mvua nikakuta salfeti, naweza kuipeleka kwa wakubwa kama ushahidi dhidi ya bandari?
Mvukaji, Likoni

JIBU: Ndugu yangu, unaweza kuipeleka, ila ujue itabeba mzigo wa kiasi gani. Salfa ya mafuta ya meli ilipunguzwa kwa kanuni ya kimataifa kuanzia tarehe 1 Januari 2020, kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50, na dizeli ya magari nchini ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Kwa hiyo meli, hata kwa kiwango hicho kipya, inaruhusiwa salfa mara mia ya ile ya lori, na shaka yako ina msingi.

Tatizo ni kwamba wingu halizaliwi Likoni. Linakuja kutoka mbali, na hata ukishaondoa salfeti ya chumvi kama nilivyomweleza Mwalimu, bahari ina mchango wa pili: vijimea vyake vidogo hutoa hewa yenye salfa ambayo hugeuka salfeti juu. Kama unataka kuikaribia meli, omba maabara ikupimie vanadi na nikeli, metali ambazo hubaki katika mafuta mazito na hazitoki kwa wingi kwenye petroli. Kisha andika upepo. Wakati wa kusi upepo hutoka baharini, ukavusha moshi wa Kilindini kuelekea Changamwe na Miritini, kwa hiyo siku hizo chupa yako ya Likoni haina mengi ya kushuhudia juu ya bandari. Anayefaa kuchota siku hizo ni Mwalimu wa Changamwe. Ninyi wawili mkichota mvua ile ile, yeye akakuta vanadi nawe usiikute, hilo lina uzito kuliko chupa kumi za mtu mmoja.

Usiogope kuulizwa wewe ni nani katika shauri hilo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Lakini kabla ya mahakama kuna dawati la mamlaka ya mazingira, na ombi lako la kwanza pale liwe kwamba hewa yenyewe ipimwe kwa vifaa, upande wa pili wa bandari, katika miezi ya kusi. Peleka daftari zima pamoja na chupa: tarehe, saa, milimita, upepo, na siku ambazo hukukuta kitu. Karatasi zenye siku za kutokuta kitu ndizo zitakazowafanya waziamini zile nyingine.